Waifai inakubali sebuleni, chumbani inagoma na kurukia hotspoti

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, natumia kompyuta mpakato yenye Windows 10. Nyumbani tuna ruta ya intaneti ya faiba. Shuleni natumia waifai ya shule au nawasha hotspoti ya simu. Tangu kijana wangu abadilishe nenosiri la nyumbani, kompyuta imebadilika tabia. Nikiwa sebuleni inashika waifai yenyewe, wala haijawahi kuniuliza nenosiri jipya. Nikihamia chumbani inakatika, inasema haiwezi kujiunga, halafu inarukia hotspoti ya simu na bando la wiki linaisha kwa siku moja. Simu za watoto hazina tatizo chumba chochote. Nirudishe ruta kwenye hali ya kiwandani, au nipige Windows upya? Swali dogo: nenosiri la waifai ya shule nimelisahau, na aliyeliweka amehamishwa. Kompyuta inalikumbuka. Naweza kulitoa humo?

JIBU: Salama kabisa, mwalimu. Hayo mawili uliyokusudia kufanya, yaache yote. Ukiirudisha ruta kwenye hali ya kiwandani, kuna hatari ya kufuta pia zile taarifa alizoziingiza fundi wa kampuni ya intaneti siku ya kufunga faiba: jina la akaunti, nenosiri la hiyo akaunti na mipangilio mingine ambayo huna pa kuitoa. Utabaki na ruta inayorusha waifai isiyo na intaneti, huku unasikiliza muziki wa huduma kwa wateja. Windows nayo ukiipiga upya, inaondoka na manenosiri yote iliyohifadhi, likiwemo hilo la shule unalolitafuta, na ukimaliza hiyo kazi ya nusu siku ruta itakuwa na kasoro ileile.

Katika maelezo yako kuna jambo moja ulilolipitia haraka, na ndilo lililonifanya niache mengine yote. Unasema sebuleni kompyuta inaingia bila kuuliza nenosiri jipya. Sasa jiulize: inaingia kwa nenosiri gani? Hujawahi kuiandikia jipya. Ina la zamani tu. Kama nenosiri lingekuwa limebadilishwa kweli kweli, kompyuta yako ingegoma nyumba nzima, kuanzia mlangoni. Ikiwa inakubaliwa sebuleni, maana yake kuna sehemu ya ruta yako ambayo mpaka leo inatumia nenosiri la zamani.

Ruta nyingi za miaka hii hurusha waifai kwa masafa mawili kwa wakati mmoja, GHz 2.4 na GHz 5. Ya 5 ina kasi zaidi lakini inachoka mapema. Ukuta mmoja au miwili ya tofali na imebaki kidogo sana. Ya 2.4 ina kasi ndogo ila inafika mbali. Mara nyingi yote mawili hupewa jina moja, kwa hiyo kwenye orodha ya mitandao unaona mstari mmoja tu na unaamini una waifai moja. Lakini ukifungua ukurasa wa mipangilio wa ruta, mara nyingi hayo masafa yana kurasa mbili tofauti, kila moja na kisanduku chake cha nenosiri. Kijana alifungua ukurasa wa kwanza, ambao kwa kawaida ni wa 2.4, akaweka nenosiri jipya, akahifadhi, simu zikakubali, akafunga. Ukurasa wa pili hakuugusa. Simu nyingi za bei nafuu zinapokea 2.4 peke yake, hivyo watoto hawajawahi kukutana na huo upande wa pili. Wewe kompyuta yako inapokea zote mbili, na sebuleni, karibu na ruta, inachagua ya 5. Huko nenosiri la zamani linafanya kazi. Ukihamia chumbani ya 5 inafifia, inajaribu kuhamia 2.4 ya jina lilelile, inapeleka nenosiri la zamani, inakataliwa.

Kwa nini basi isikuulize la jipya? Kwa sababu Windows huhifadhi mitandao kwa majina. Kila jina lina faili moja, na ndani ya faili kuna nenosiri moja na aina moja ya usalama. Haijali ni ruta ipi inayolirusha hilo jina. Ni kama mlinzi wa geti mwenye daftari la wageni: haangalii sura, anasoma jina. Jina la waifai yako lipo daftarini na nenosiri lake, tena jana tu lilifanya kazi, kwa hiyo Windows mara nyingi haioni sababu ya kukusumbua. Inasema tu imeshindwa kujiunga na kwenda kwenye jina linalofuata. Linalofuata kwako ni hotspoti.

Kabla hujamlaumu kijana, hakikisha. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, halafu kwenye Command Prompt bonyeza upande wa kulia wa kipanya na uchague Run as administrator. Litafunguka dirisha jeusi. Ukiwa sebuleni, umeunganishwa, andika:

netsh wlan show interfaces

Tafuta mstari wa Channel. Namba kati ya 1 na 13 ni masafa ya 2.4. Kuanzia 36 kwenda juu ni 5. Nategemea utaona 36, 40, 44 au nyingine ya huko juu. Kisha nenda chumbani, bofya alama ya waifai pale chini kulia ili kompyuta itafute mitandao upya, subiri kidogo, na uandike:

netsh wlan show networks mode=bssid

Hapo utaona jina la nyumbani kwako, na chini yake BSSID 1, pengine na BSSID 2. Hizo ni anwani za antena halisi zinazorusha hilo jina moja. Kila moja ina mstari wake wa Signal kwa asilimia na wa Channel. Chumbani ile yenye chaneli ya 36 na kuendelea itakuwa hafifu au haipo kabisa, na ile ya 1, 6 au 11 itakuwa na nguvu. Ukiona hivyo, tumeshamjua mchawi. (Msomaji mwenye Windows 11 toleo la 24H2 asishtuke amri hizi zikikataa: toleo hilo linataka kwanza uruhusu programu kujua mahali ulipo, kwenye mipangilio ya faragha.)

Sasa marekebisho, na mpangilio wake una maana. Usianze kwa kuisahaulisha kompyuta mtandao wa nyumbani. Ukifanya hivyo sasa hivi na kuandika nenosiri jipya, chumbani itakubali, halafu utarudi sebuleni ikugomee huko. Anza na ruta.

Ukiwa sebuleni, kwenye lile dirisha jeusi andika ipconfig. Angalia mstari wa Default Gateway chini ya kichwa cha waifai. Ni namba kama 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Iandike kwenye kivinjari mahali unapoandika anwani za tovuti. Ukurasa utakuuliza jina na nenosiri la msimamizi, ambavyo ni tofauti na nenosiri la waifai. Mara nyingi vimechapishwa kwenye kibandiko chini ya ruta, isipokuwa kama aliyeifunga alivibadilisha. Ndani yake tafuta sehemu ya WLAN au Wireless. Utaona upande wa 2.4G na upande wa 5G. Weka nenosiri jipya pande zote mbili, herufi kwa herufi, na herufi kubwa na ndogo zifanane. Lazima liwe na herufi zisizopungua 8 wala kuzidi 63. Chini ya hapo ruta itakataa. Aina ya usalama nayo ifanane, WPA2 pande zote, na kama vifaa vyote vya nyumbani ni vipya unaweza kuweka ile ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Usiweke upande mmoja WPA2 na mwingine WPA3 chini ya jina moja, utaurudisha ugonjwa huuhuu kwa mlango mwingine.

Kuna mafundi wanaopenda kuyapa masafa majina mawili, moja likiishia na 5G. Kwa nyumba yenye watu wengi mimi sishauri. Majina mawili maana yake faili mbili kwenye kila kifaa, nenosiri la kubadilisha mara mbili, na kompyuta kung'ang'ania ya 5 iliyofifia kwa sababu haijui kuwa lile jina jingine ni la ruta hiyohiyo. Jina moja, nenosiri moja, usalama wa aina moja, kompyuta itahama yenyewe kutoka antena moja kwenda nyingine bila wewe kujua.

Ukibonyeza hifadhi, kompyuta itatupwa nje ya waifai papo hapo. Ni kawaida, umeng'oa tawi ulilokalia. Sasa ndiyo wakati wa kusahaulisha: fungua Settings, Network & Internet, Wi-Fi, kisha Manage known networks. Bofya jina la nyumbani, bonyeza Forget. Rudi kwenye orodha ya mitandao, chagua jina lako, weka tiki kwenye Connect automatically kabla ya kubonyeza Connect, andika nenosiri jipya. Tembea nayo mpaka chumbani. Ikibaki imeunganishwa, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Ila usiishie hapo, kwa sababu hotspoti bado iko daftarini na kuna namna imepanda cheo. Windows hujifunza kutokana na unachokifanya kwa mkono. Ukiwa mahali ambapo mtandao wa kwanza unapatikana, ukachagua mwenyewe kujiunga na wa pili, yenyewe inahesabu kwamba umeupenda wa pili kuliko wa kwanza na kuupandisha juu. Nina hakika siku zile chumbani palipokuwa pamegoma ulibofya hotspoti kwa mkono ili umalize kazi. Kila ulipofanya hivyo uliifundisha kompyuta kuitanguliza. Kuna na kinyume chake ambacho kinawachanganya wengi: ukibonyeza Disconnect, Windows inaondoa ile ruhusa ya kujiunga yenyewe na mtandao huo. Mtu anabonyeza Disconnect mara moja kwa hasira, halafu mwezi mzima analalamika kompyuta haishiki waifai mpaka aishike mkono. Akijiunga tena huku ameweka tiki ya Connect automatically, inarudi kama zamani.

Kuona ngazi ilivyo sasa, andika:

netsh wlan show profiles

Majina yanakuja kwa mpangilio wa kipaumbele, la juu ndilo la kwanza. Kulipandisha la nyumbani:

netsh wlan set profileorder name="JINA LA NYUMBANI" interface="Wi-Fi" priority=1

Jina liandikwe ndani ya alama za kunukuu vilevile lilivyo, pamoja na nafasi zake. Neno Wi-Fi hapo ni jina la kifaa cha kupokea mtandao; kama kwako kinaitwa vingine, ile amri ya kwanza kabisa ilikuonyesha kwenye mstari wa Name.

Kwa hotspoti yenyewe, ushauri wangu ni kuinyima kabisa ruhusa ya kujiunga yenyewe. Unaihitaji shuleni tu, na shuleni unaweza kuibofya:

netsh wlan set profileparameter name="JINA LA SIMU" connectionmode=manual

Halafu ingia tena Manage known networks, bofya jina la simu, Properties, na uwashe Set as metered connection. Hapo Windows inajua mtandao huu unapimwa kwa bando, na masasisho mengi makubwa yatasubiri waifai. Bila hiyo swichi, dakika ulipoikaribisha kompyuta kwenye simu inaweza kuanza kushusha sasisho la mamia ya megabaiti kimyakimya, na huko ndiko bando la wiki lilikokuwa linakwenda, si kwenye barua pepe zako. Na ukifika nyumbani zima hotspoti. Simu nyingi zikiwa zinarusha hotspoti huacha kupokea waifai, kwa hiyo hata WhatsApp ya simu yako ilikuwa inakula bando ukiwa umekaa mita mbili kutoka kwenye ruta ya faiba uliyoilipia.

Ikitokea masafa yote mawili yalikuwa sawa tangu mwanzo na mimi nimekosea mlango, usirudi kwenye kubahatisha. Andika netsh wlan show wlanreport na kompyuta itakutengenezea ripoti ya siku tatu zilizopita, inayofunguka kwenye kivinjari. Itakupa njia ya faili mwishoni. Kuna mchoro wa saa ulizokuwa umeunganishwa, na palipokatika pana alama nyekundu. Ibofye, itakuambia sababu: nenosiri halilingani, mawimbi yamepotea, kompyuta ililala. Kama inasema mawimbi yamepotea chumbani tu, hiyo si kazi ya nenosiri tena. Sogeza ruta kutoka nyuma ya televisheni, au ununue kifaa cha kurefusha mtandao na ukipe jina na nenosiri vilevile vya ruta. Kama inakatika ukiwa unatumia betri na haikatiki ukichomeka umeme, fungua Device Manager, kifaa chako cha waifai, sehemu ya Power Management, na uondoe tiki inayoruhusu kompyuta kukizima ili kuokoa umeme.

Tukija kwenye nenosiri la shule. Ndiyo, linatoka, mradi una haki za msimamizi kwenye kompyuta hiyo:

netsh wlan show profile name="JINA LA SHULE" key=clear

Shuka mpaka mstari wa Key Content. Kilichoandikwa mbele yake ndicho nenosiri, wazi kabisa. Kama mstari huo haupo, huenda hujafungua dirisha kama msimamizi, au shule inatumia ule mfumo ambao kila mtumishi ana jina na nenosiri lake binafsi. Huo hauna nenosiri la pamoja la kutoa, itabidi uende kwa anayeshughulikia TEHAMA shuleni. Na hata likitoka, mpelekee mkuu wa shule alihifadhi ofisini. Ni mali ya shule, na si vizuri liwe limebaki kwenye kompyuta ya mwalimu mmoja tu.

Kama siku moja utalazimika kweli kupiga Windows upya, kabla ya hapo tengeneza folda C:\waifai na uandike:

netsh wlan export profile key=clear folder=C:\waifai

Kila mtandao utapata faili yake humo, nenosiri likisomeka na yeyote anayeifungua. Ihamishie kwenye flashi, na ukishamaliza kuzitumia zifute. Kunakili zile faili ambazo Windows yenyewe imezihifadhi hakusaidii, kwa sababu nenosiri lililomo limefungwa kwa ufunguo wa kompyuta hiyohiyo na kwenye nyingine halifunguki.

Hiyo amri ya key=clear inafanya kazi kwa yeyote aliyeketi mbele ya kompyuta yako akiwa na haki za msimamizi, akiwemo fundi utakayemwachia akubadilishie kioo. Kwa hiyo ukiwa bado kwenye Manage known networks, pitia orodha nzima. Futa waifai za nyumba za wageni, za stendi, za semina ya mwaka juzi. Zile zisizo na nenosiri zifute zote bila huruma: kwa kuwa Windows inatambua jina tu, mtu yeyote anaweza kurusha mtandao wenye jina hilohilo karibu nawe na kompyuta ikajiunga bila kukuuliza, kama uliwahi kuuwekea tiki ya kujiunga yenyewe.

Ukimaliza jaribio la chaneli na majibu yakawa tofauti na nilivyotabiri, ninakilie yale maandishi ya amri mbili za mwanzo, ya sebuleni na ya chumbani, tuyaangalie pamoja. Manenosiri usinitumie.